Aliyepokea Ni Mtunzaji Tu

Sentensi yenyewe Genoveva aliipenda tangu ilipomtoka mdomoni. "Aliyepokea mahari ni mtunzaji tu, si mwenyewe, akidaiwa akakataa kurudisha, huyo ni mwizi." Ilikuwa na mwendo wa methali. Aliitamka Ijumaa moja alasiri, ndani ya kichumba cha kurekodia cha ofisi yao kule Rockville, Marekani, na alipomaliza akatabasamu peke yake kama mtu aliyepata wali wa kutosha na mchuzi ukabaki.

Kazi yake ilikuwa kusoma hukumu mpya za mahakama kuu za India, za jinai, za madai na za kodi, kisha kuzifupisha kwa Kiswahili na kuzisoma kwa sauti, dakika mbili tatu kila moja, kwa ajili ya mawakili wa Afrika Mashariki. Watu walimwuliza kwa nini India. Alikuwa na jibu lililokwisha kulainika kwa kutumiwa: sheria ya ushahidi ya kwetu na ile ya mwenendo wa madai zilinakiliwa kutoka India enzi za Mwingereza, kwa hiyo jaji wa kule akikohoa, jaji wa kwetu husikiliza. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia, na alikuwa bado anaamini kwamba mtu akielezwa sheria kwa lugha anayoiota usiku, hataonewa tena. Aliliamini jambo hilo kama wengine wanavyoamini chanjo.

Ijumaa ile hukumu zilikuwa nyingi. Kulikuwa na ya kijana aliyesahaulika rumande hadi mahakama ikampa dhamana kwa aibu. Kulikuwa na ya ndugu wawili waliogombania ukuta mmoja katika nyumba ya marehemu baba yao. Kulikuwa na ya mwoka mikate aliyebishana na watu wa kodi kama maandazi yaliyogandishwa ni mkate au ni keki, na Genoveva alicheka hadi akarudia kurekodi. Ya mwisho ilikuwa ndefu mno, na yeye alikuwa amechoka. Alisoma muhtasari ulio juu ya hukumu, akapata maana, akaipamba, akaenda zake nyumbani.

Nyumbani ni Gaithersburg, chumba cha juu katika nyumba ya Chepngetich, Mkenya wa Bomet aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Temple Hills. Kila Jumamosi asubuhi walitoka pamoja kwa gari la Chepngetich. Yeye alikwenda kazini, na njiani alimshusha Genoveva Bladensburg, kwenye ukumbi wa kanisa ambako msichana huyu aliwafundisha Kiswahili watoto wa Kikenya na Kitanzania, watoto walioelewa kila kitu na kumjibu kila kitu kwa Kiingereza.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, Genoveva aliposhuka jikoni alimkuta Chepngetich amesimama katikati ya chumba na sare yake ya kazi, simu mkononi, sufuria ya chai iko kwenye jiko lisilowashwa.

"Wanamrudisha Jelagat," Chepngetich alisema.

Jelagat alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao. Mwezi uliopita alikuwa amerudi kwa wazazi akiwa na mkono uliofungwa plasta na jino moja pungufu. Baba yao, mzee Kipkemboi, alimfungulia mlango, akasema atakaa pale hadi atakapotaka mwenyewe kuondoka. Habari hiyo ilimfanya Chepngetich aimbe kwa wiki nzima.

"Anarudishwa wapi, dada? Kwa yule?"

"Leo. Watu wa bwana yake wamefika. Saa hii kule ni saa nane mchana, wamekaa sebuleni, wanapewa chai."

"Lakini baba alisema anabaki."

"Alisema. Halafu wakamletea kesi ya Wahindi."

Genoveva alivuta kiti lakini hakukaa. "Kesi gani ya Wahindi?"

"Si ile yako. Ya mtunzaji." Chepngetich aliweka simu juu ya meza, akaichukua tena. "Mimi hu-forward zote kwa group ya familia, unajua. Mama husema una sauti ya redio. Sasa cousin mmoja akaitupa kwa ile group ya kamati ya harusi. Ile ya Jelagat. Haikuwahi kufungwa, Veva. Watu wa pande zote mbili wamo mule mpaka leo, wanatumiana mistari ya Biblia. Mjomba wa bwana yake akaisikia. Akamjia baba na simu yake mkononi, akamchezea sauti yako mbele ya watu. Akamwambia: ng'ombe zetu ulipokea, zingine uliuza ukasomesha. Rudisha zote wiki hii, ama rudisha mtoto. Ukikataa vyote viwili, hata mahakama ya Wahindi imekuita mwizi."

"Na baba akasemaje?"

"Baba ni mzee wa kanisa. Hilo neno lilimuua. Amesema Jelagat afunge nguo zake."

Jambo la kwanza lililomjia Genoveva ni kuitetea hukumu, na hilo lilimtia haya papo hapo. Lakini hukumu ilikuwa hukumu. Kama mahakama ilisema mahari irudishwe, ilisema. Aliona ukatili wake, akajiuliza ni majaji gani hao, na kwa nini yeye aliwasomea kwa sauti tamu hivyo.

"Twende," Chepngetich alisema. "Nikikaa hapa nitavunja kitu, na nikichelewa wataniandika."

Kwenye barabara kuu ya I-270 magari yalikuwa mengi kuliko inavyostahili Jumamosi. Chepngetich aliendesha huku akipiga simu ya baba yake kwa spika, na kila mara ile sauti ya kike yenye adabu ilimwambia mteja hapatikani. Alibadili njia, akarudi njia ile ile, akamtukana dereva wa lori kwa Kikipsigis. Genoveva alikuwa amefungua hukumu nzima kwenye simu yake. Hakujua anatafuta nini. Labda tundu dogo, labda maneno fulani ya jaji yaliyolegeza kamba.

Aliruka tarehe, akaruka majina ya mawakili, akafika palipoelezwa mambo yalivyotokea. Akasoma. Akarudi nyuma, akasoma tena polepole, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Dada Chep."

"Ngoja, inaita. Aa, imekata."

"Dada Chep, hapa pameandikwa baba wa bibi harusi alitoa pikipiki."

"Nani?"

"Baba wa binti. Alitoa pikipiki, friji na bangili za dhahabu. Aliwapa wakwe."

"Kwa nini baba wa binti atoe? Alikuwa amekosa nini?"

"Hakukosa. Kule ndivyo inavyokwenda. Upande wa binti ndio unaotoa." Genoveva alirudi juu ya ukurasa. "Muhtasari ulisema 'dowry' tu. Aliyepokea 'dowry' ni mtunzaji. Mimi nikaandika mahari."

"Si ndiyo mahari?"

"Kwetu. Mbeya, Bomet, ukisema 'dowry' kila mtu anaona ng'ombe wanaenda kwa baba wa binti. Hata mwalimu wangu wa sekondari alisema hivyo. Lakini kule India aliyepokea ni bwana. Mahakama iliwaambia watu wa bwana warudishe, kwa sababu vitu ni vya mwanamke. Aliondoka kwa kupigwa, wakamzuilia vitu vyake. Dada, hukumu ilikuwa ya kumtetea yeye."

Chepngetich aliwasha taa ya kugeuka, akatoka barabara kuu bila kuuliza, akaingia kituo cha mafuta na kusimama mbali na pampu, karibu na mashine ya kujazia upepo. Ndipo alipomgeukia.

"Unaniambia umeigeuza."

"Nimeigeuza."

"Imekwenda na dada yangu."

Genoveva aliinamia simu. Ujumbe ulikuwa umeingia kutoka kwa Dorothea, mwenye kampuni, ambaye Genoveva alikuwa amemwandikia kuhusu kosa hilo gari likitoka barabara kuu: Usiguse kitu mwishoni mwa wiki. Tutaweka sahihisho Jumatatu, kimya kimya, mawakili wasianze kutilia shaka zote. Aliufunga.

"Piga ya mama," alisema.

Mama yao, Bilha, alipokea mara ya pili. Nyuma yake vikombe vililia na mtu alikuwa anacheka kicheko cha wageni. Chepngetich alisema naye kwa Kikipsigis, haraka, sauti ikipanda na kushuka, na Genoveva alilisikia jina lake likipita katikati ya maneno kama mtu anayesukumwa mbele. Kisha milio ya vikombe ikakaribia. Mama alikuwa anatembea na simu.

"Mwongeleshe baba," Chepngetich alisema. "Uko kwa spika, na kule pia uko kwa spika. Wote wanasikia."

"Shikamoo, baba," Genoveva alisema. "Naitwa Genoveva. Ndimi ninayekaa na dada Chep."

Koo likasafishwa. Watu wa Bomet hawajazoea shikamoo, na mzee aliichukua kwa uangalifu kama kitu cha kuvunjika. "Marahaba. Wewe ndio ile sauti."

"Ndiyo, baba. Nilikosea."

"Ulikosea nini?"

Alieleza. Alieleza pikipiki, friji na bangili, alieleza nani alitoa na nani alipokea. Alisema kwamba muhtasari ulikuwa na neno moja, naye akalijaza ng'ombe wa kwao. Alipofika kwenye friji mtu kule sebuleni alicheka.

"Baba ya msichana ndio anatoa? Na pikipiki juu?"

"Sisi tulizaliwa wapi jameni," mwingine alisema. "Hao Wahindi wakuje watuoe."

Kicheko kikaenea, na kwa sekunde moja Genoveva alidhani mambo yamekwisha. Halafu sauti nzito ilikaribia simu. Chepngetich aliitambua, akasema kwa midomo bila sauti: mjomba.

"Msichana. Juma lililopita umesema aliyepokea ni mwizi. Leo unasema aliyepokea ni mwingine. Tukilala hapa mpaka kesho utasema nini?"

"Nitasema hili la leo, mzee. Lile la kwanza nilisema bila kusoma lote."

"Kwa hivyo wewe husoma nusu."

"Lile nilisoma nusu."

"Na dada ya huyu mtoto, amekaa hapo karibu na wewe?"

Chepngetich alitikisa kichwa kwa nguvu. Genoveva alimtazama.

"Amekaa karibu na mimi," alisema.

"Basi mmesikia," mjomba aliwaambia watu wake. "Kesi imepikwa Amerika asubuhi hii."

Ndani ya gari hewa iliisha. Chepngetich aliuvuta mkono wa Genoveva, akanong'ona sikioni mwake, pumzi moto ya mtu ambaye hajanywa chai: "Mwambie mahakama imekataza. Mwambie hata kwa Wahindi mwanamke harudishwi kwa mtu aliyempiga. Sema hivyo tu, Veva. Nani ataangalia?"

Na sentensi ilikuja. Hilo ndilo lililomtisha Genoveva baadaye alipolikumbuka: ilikuja yenyewe, nzuri, imekwisha kunyooka, ina vina karibu. Ingetosha. Mzee Kipkemboi angeishika na kuwapungia wageni, kama wao walivyompungia ile nyingine. Wala usingekuwa uongo sana. Moyo wa hukumu ulikuwa upande huo huo. Jelagat angefungua nguo zake na kuzirudisha kabatini, na ni nani duniani angedhurika?

Ila aliikumbuka sauti yake mwenyewe ikipita kutoka simu hadi simu, kati ya mstari wa Biblia na picha za keki ya harusi, ikimfikia mwanamke mwingine asiyemjua, katika nyumba nyingine ambamo asingekuwepo wa kupiga simu na kuieleza.

"Baba," alisema, "hukumu ile haihusu ng'ombe. Haikusema Jelagat arudi, wala haikusema abaki. Haimjui. Na hata ingesema, mahakama ya India haina amri Bomet. Hakuna mtu atakayekufunga kwa ajili yake, na hakuna atakayekutetea kwa ajili yake."

Chepngetich aliuachia mkono wake. Aliegemeza paji la uso kwenye usukani.

Kule Bomet jogoo asiyejua saa aliwika. Genoveva akaangalia kama simu imekatika.

"Kwa hivyo hakuna mahakama hapa," mzee alisema.

"Hakuna, baba."

"Ni mimi tu."

"Ndiyo, baba."

Akaanza kusema Kikipsigis. Hakupaza sauti. Mjomba alijibu, wengine wakaingilia, kiti kilikwaruza sakafu, na Chepngetich alikuwa ameinua kichwa na kuziba mdomo kwa kiganja. Halafu simu ikakata kweli.

Walipiga ya baba. Haikupatikana. Wakapiga ya mama, ikaita hadi ikachoka. Genoveva alifungua mlango wa gari, akafunga, akafungua tena, akashuka na kuzunguka ile mashine ya upepo, akarudi. Mwanamume mmoja aliyekuja kujaza tairi aliwatazama, akaenda kutafuta upepo mahali pengine.

"Alisema nini?" Genoveva aliuliza. "Mwishoni."

"Wacha nisikie kwanza mwisho wenyewe."

"Umenikasirikia?"

"Nimekukasirikia sana. Panda gari, unanizungusha kichwa."

Simu ililia, na wote wawili waliirukia. Alikuwa Jelagat mwenyewe. Alizungumza na dada yake kwanza, na Chepngetich alisikiliza huku machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta, akiitikia tu, ee, ee. Kisha akaanza kumsimulia Genoveva vipande vipande, mdogo wake akisubiri kwenye simu.

"Wameenda. Hawakumaliza chai. Wamesema watarudi kuchukua ng'ombe, na baba amesema warudi, atatoa pole pole, ametoa ndama mmoja leo leo, wamemfunga kamba wameondoka naye." Alikohoa. "Mjomba alimwita mwizi tena pale mlangoni. Baba akamwambia: hilo jina nimeliogopa wiki nzima. Lakini mtoto akifia kwenu, nitaitwa nani?"

Genoveva alikaa kitini, akagundua mkanda umemshika bega moja, hajui aliuvuta saa ngapi.

"Anataka kukuongelesha," Chepngetich alisema.

Sauti ya Jelagat ilikuwa nyembamba kuliko alivyoitarajia, na herufi fulani zilipita penye lile pengo la jino zikapiga filimbi kidogo. Hakumshukuru wala hakumlaumu.

"Dada, huyo mama wa India," alisema. "Alirudishiwa vitu vyake?"

"Mahakama iliamuru arudishiwe."

"Nimesikia. Lakini alirudishiwa?"

Genoveva aliifungua tena ile hukumu, akaishusha hadi ukurasa wa mwisho, akapita amri, gharama na jina la jaji. Baada ya jina la jaji hapakuwa na kitu. "Haisemi," alisema. "Hukumu huishia hapo. Sijui, Jelagat."

"Ukijua utaniambia."

"Nitakuambia."

Chepngetich alimuaga mdogo wake, akajitazama kwenye kioo, akafuta uso kwa mkono wa sare. Alikuwa amechelewa, na mzee mmoja wa Temple Hills aliyekataa kulishwa na mtu mwingine alikuwa anamsubiri kwa hasira. Aliliwasha gari. Walipokuwa wanairudia barabara kuu, simu ya Genoveva ilianza kuita: Dorothea. Aliiacha iite, na ilipotulia akafungua kinasa sauti. Aliwaza ile ya kwanza imefika group ngapi, sebule ngapi, akawaza na watoto wa Bladensburg ambao sasa hivi walikuwa wanakimbizana ukumbini bila mwalimu. Alisema jina lake, akasema amekosea, kisha akasimama, kwa sababu lori lilikuwa linapita upande wao na kumeza kila kitu. Akafuta. Akaanza upya, akaharibu, akafuta.

"Itume kwangu ikiisha," Chepngetich alisema, macho barabarani. "Ile group ya harusi nitaitia mwenyewe." Akabonyeza vitufe vya mlango wake, na vioo vyote vinne vikapanda. "Ongea sasa."